Kiapo Juu ya Gari

Mimi ni mtu wa kushuku. Sijivunii, lakini sioni sababu ya kuficha. Mwenye duka akinipimia mchele huku ananiuliza habari za watoto, macho yangu yako kwenye mkono wake. Mtu akiniapia mara mbili kwa neno moja, kwangu amekwisha kujitaja. Nyumbani kwetu Kasongo walinitania kwamba siku ya kufa nitamshuku hata mchimba kaburi, kwamba amelikata fupi. Kwa hiyo habari ya gari la baba ilipofufuka, mtu wa kuifuatilia nilikuwa mimi, na mshukiwa nilikuwa naye tayari.

Mshukiwa alikuwa baba mdogo, ndugu yake baba wa tumbo moja. Baba alikuwa na landrova ya buluu, imeandikwa juu ya kioo cha mbele *Hasidi hana sababu*. Ndiyo iliyotulisha. Ilichukua mchele, mawese, samaki wa kukaushwa kutoka Nyangwe, na hakuna mkono mwingine ulioshika usukani wake. Baba mdogo alijifunza kuendesha kwa kutazama tu, akiwa amekaa kando. Wakati wa vita, baba alikwenda Nyangwe kwa miguu na wenzake kutafuta samaki, kwa sababu mafuta yalikuwa hayapatikani. Gari akaliacha uani na mafuta kidogo yasiyotosha kwenda na kurudi. Aliporudi siku ya tatu, pale uani palikuwa na alama za magurudumu tu.

Baba mdogo naye hakuwapo. Alirudi siku ya tano, kwa miguu, mikono mitupu, miguu imevimba. Akaulizwa gari iko wapi. Akasema, "Nimeiuza." Kwa nani? "Kwa mutu wa Kabambare." Alichopewa kiko wapi? Hapo alinyamaza, na kimya kile kilidumu zaidi ya miaka ishirini.

Nilikuwa na miaka kumi, nimesimama mlangoni, na hasira ya baba ya siku ile naiona mpaka leo. Majirani walikuwa wamejaa. Baba alisema mbele yao, "Huyu si ndugu yangu tena. Na kama kuna mutu wa nyumba hii aliyemusaidia, naye basi. Hata bibi yangu: kama alijua, talaka tatu, leo hapa." Wazee walishika vichwa wakasema astaghafirullah. Kwetu maneno kama hayo si matusi ya kupoza hasira. Talaka iliyofungwa kwenye sharti hukaa pale inangoja; sharti likiwa kweli, ndoa imekwisha, mwenyewe atake asitake. Mama alikuwa anapepeta mchele. Hakusimamisha ungo, na hakuna aliyemtazama, maana wote tulikuwa tunamtazama mwizi.

Wiki chache baadaye tulikimbilia porini. Tuliporudi baada ya miezi mingi, nyumba ilikuwa imeporwa mpaka milango. Tukaanza upya, bila gari. Baba akawa anauza mchele kwa baiskeli, kisha kwa meza sokoni, na kila mzigo aliobeba kichwani aliuandika kwa jina la mdogo wake.

Kitu kimoja nilikiona mapema na nikakihesabu kama ushahidi. Kwetu mke wa kaka na mdogo wa mume ni watani. Kabla ya gari, mama na baba mdogo walikuwa hawakai kimya. Mama alikuwa akimwambia, "Shemeki, ningeolewa na weye kwa huruma, lakini masikio hayo ningeyaweka wapi?" Naye alikuwa akionja chakula cha mama anauliza ni nani amefariki jikoni. Baada ya gari, utani ulikufa. Mama alimpa maji kwa mikono miwili na macho chini, kama anampa mgeni. Nikajisemea: unaona, hata mama amechukizwa naye.

Sasa, mwaka huu, baba mdogo akaugua. Tumbo lilijaa, miguu ikawa miembamba, na hospitali wakamrudisha nyumbani na vidonge vya maumivu tu. Binti yake alikuja kwetu Ijumaa baada ya sala. Alikaa kwenye ncha ya mkeka akasema, "Baba anaomba radhi." Kwetu mtu hataki kushuka ardhini na kinyongo cha ndugu yake shingoni. Baba alimwacha amalize, kisha akamjibu, "Aniambie kwanza gari yangu iko wapi."

Jibu lilirudi jioni ile ile: hiyo hawezi kusema.

Haya, wewe ungefikiri nini? Mtu yuko na siku za kuhesabu, anaombwa neno moja tu ili apate radhi, na neno anakataa kulitoa. Nilifikiri: huyu ana kitu kibaya kuliko tulichodhani. Labda aliwapa wenye bunduki. Labda alilipeleka mwenyewe kwa wale waliokuja kutupora. Nikasema nitakwenda Kabambare kulitafuta. Kwa wakubwa nilisema nakwenda ili baba mdogo apate radhi. Ukweli ni kwamba nilitaka kumkamata.

Baba hakuinua macho. "Acha," alisema. "Gari ilikufa zamani." Mama alisema barabara ni mbaya na mvua iko inanyesha. Yote mawili niliyasikia, na yote mawili niliyapitisha kama maneno ya wazee wanaompenda mtoto wao. Mimi, ninayelinda mkono wa mwenye duka.

Nilikodi moto, pikipiki ya abiria; motari wake alikuwa mtu mzima mwenye mvi kidevuni. Aliniuliza mara mbili nakwenda kufanya nini, na mara zote mbili nilimwambia natafuta gari. Akacheka. "Watu wanatafuta moto ya kwendea, mama, weye uko natafuta gari ya kurudia." Tulianguka mara moja kwenye matope, tukasukuma zaidi ya tulivyopanda, na jioni nilifika Kabambare na rangi moja tangu kitambaa cha kichwa mpaka viatu.

Kama unataka kuwaona watu wenye shaka kuliko mimi, nenda Kabambare ukaulizie kitu kilichouzwa wakati wa vita. Niliuliza sokoni, wakatazama mkoba wangu. Niliuliza kwa wanaotengeneza pikipiki, wakauliza kama mimi ni wa kodi au wa mahakama. Bwana mmoja alinielekeza Lusangi, kwa wachimba dhahabu, akasema wao ndio walionunua magari yote ili injini ziwavutie maji mashimoni. Alisema haraka mno. Niliona anataka tu niwe mbali na yeye.

Asubuhi ya pili nikampata mzee aliyekuwa zamani shofere, dereva wa malori, sasa anaziba matairi. Nilipomtajia yale maandishi ya kioo cha mbele alicheka mpaka akakohoa. "Ile iko Wamaza," alisema. "Hapa haijafika hata siku moja."

"Unaona," nikamwambia motari. "Alisema aliiuza Kabambare. Mwongo."

"Wamaza ni Kabambare pia," alinijibu. Nikamwambia awashe pikipiki.

Wamaza tuliingia mchana. Nyumba tuliyoelekezwa ilikuwa na kibanda nyuma, na ndani ya kibanda kulikuwa na mashini inakoboa mpunga. Mwenyewe alikuwa mama wa umri wa mama yangu, mjane, mkulima, msalaba mdogo shingoni. Nilimsalimu nikamwambia natafuta landrova ya buluu.

"Hapa hakuna gari," alisema, na ilibidi apaze sauti kwa sababu ya mashini.

Nilimwambia mimi ni mtoto wa nani. Uso wake ukakunjamana. "Mumekuja kuichukua," alisema. Nilikana. Akaniambia niape, na niape kwa mama yangu mzazi. Nikaapa kwa mama yangu kwamba sitaki hata msumari. Ndipo akanizungusha nyuma ya kibanda.

Ningesema niliutambua mlio wake ningekuwa mwongo. Injini ile ilikuwa imefungwa kwenye magogo mawili, mkanda umetoka kwake unazungusha mashini, na bati la gari lilikuwa limekatwa kuwa ukuta wa kuzuia makapi. Kwenye bati moja, chini ya vumbi la pumba, nilisoma *hana sababu*. Hasidi mwenyewe alikuwa ameliwa na kutu. Nililigusa, nikasikia huzuni kidogo kwa ajili ya baba, kisha nikakumbuka kilichonileta.

Nilikuwa na swali moja nililolilea njia nzima. Baba alikuwa akisema siku zote kwamba gari haliuzwi bila karte roze, ile karatasi ya mwenye gari, na karte roze ilikuwa ndani ya sanduku la chuma chini ya kitanda chao. Sanduku lilikuwa na funguo mbili. Mmoja baba alikwenda nao Nyangwe, umefungwa mkandani. Kwa hiyo baba mdogo hakuwa na karatasi, na mtu aliyenunua bila karatasi alijua ananunua cha wizi. Nikamuuliza yule mama, kwa upole wa paka, "Na mumeo alinunua bila karte roze?"

Alikasirika kweli. "Bwana yangu hakuwa mwizi," alisema. Aliingia ndani, akakaa huko kwa muda, akatoka na kifurushi cha nailoni. Ndani ya nailoni kulikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa ilikuwamo karte roze, jina la baba yangu juu yake.

Karatasi sikuitazama sana. Nilitazama kitambaa. Kilikuwa kipande cha kitenge cha kijani chenye samaki wa manjano. Mama alikuwa na kitenge hicho, na kilichobaki kilishonwa magauni mawili ya Idi, langu na la dada yangu. Ufunguo wa pili wa lile sanduku ulikuwa umefungwa katika pindo la nguo ya mama. Alikuwa akioga nao na kulala nao. Hakuna mtu aliyefungua sanduku lile bila mkono wake.

Nilikaa juu ya gogo. Motari akaniuliza kama nataka maji.

Yule mama, alipoona nimekaa, alilegea, akanieleza bila kuulizwa. Baba mdogo alifika amelisukuma gari hatua za mwisho na vijana wa hapo, mafuta yamekwisha. Angeweza kuomba mbuzi, nguo, chochote. Akaomba chumvi. Mumewe alikuwa na chumvi aliyoificha, akampa nusu gunia, na juu yake makopo mawili ya kinini, dawa ya homa. "Tulimucheka," alisema. "Gari nzima kwa chumvi. Alisema mama wa nyumba yao ndiye amemutuma, na tusiseme kwa mutu."

Aliyekuwa porini miaka ile ananielewa. Wengine walichoma majani ya mtoni, wakachuja majivu, wakapika kwa maji yale machungu, na watoto wao wakavimba nyuso. Sisi tulikuwa na chumvi. Mama aliitoa kwa ncha za vidole, kutoka kwenye fundo la nguo, na alituambia tukiulizwa tuseme tunatumia majivu. Baba alipotetemeka kwa homa mpaka akasahau majina yetu, mama alimpa kinini siku saba mfululizo. Niliila chumvi ile na sikuuliza ilitoka wapi. Huyo mwizi niliyemlaani tangu utotoni aliibeba kichwani kwa njia za porini, akaificha shambani, akaja kusimama uani kwetu mikono mitupu apokee matusi.

Tulirudi kwa matope yale yale, tukalala njiani, na motari akawa mtu wa heshima, hakuniuliza.

Mama nilimkuta asubuhi jikoni nyuma ya nyumba, anachambua sombe, majani ya muhogo. Nilimwambia nimetoka Wamaza. Mikono yake ilisimama juu ya majani.

"Umeshamwambia baba yako?" aliniuliza.

Basi hakukuwa na la kuuliza tena. Alinieleza mwenyewe, taratibu. Wenye bunduki walikuwa wanakusanya magari, na gari walilichukua pamoja na shofere wake. Shofere wa jirani yetu walikuwa wamemchukua na lori lake, akapungia watoto mkono, na hajarudi mpaka leo. Mama alimwomba baba alifiche gari. Baba akasema gari yake haiendi popote bila yeye. "Na kweli, wangemukamata usukani uko mikononi," mama alisema. Ndiyo maana, baba alipokwenda Nyangwe, mama alimwomba shemeki wake aliuze mbali, alete chumvi na dawa. Walikubaliana kumweleza baba mambo yakitulia. "Kisha baba yako akaapa vile mbele ya watu. Ningefungua mudomo, nimeachika."

Nikamuuliza kwa nini hakwenda kwa sheikh mmoja kuuliza kama talaka ile imepita, hata kwa kujifanya anamuulizia mtu mwingine.

"Ningeuliza, ningejibiwa," alisema.

Miaka yote ile alikuwa anafunga Jumatatu na Alhamisi, na sisi tulijisifu kwa watu kwamba mama yetu ni mcha Mungu. Kumbe alikuwa hajui kama yeye ni mke wa mtu au la, na mdogo wetu wa mwisho alimzaa katika kutojua huko. Nilimhurumia, na papo hapo nilimkasirikia. Nilimwambia amemwacha mtu aitwe mwizi mbele ya watoto wake, na sasa anakufa na jina hilo.

"Najua," alisema. Alifuta mikono, akaingia chumbani, na nikamsikia anakunja nguo. "Nitamwambia baba yako leo. Kisha nitaenda kwa kaka yangu Nyangwe."

Nilitoka mbio kwenda baraza la mbele. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu kufika kabla yake, labda niseme kwa namna fulani isiyo na mama ndani yake. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake, redio ndogo sikioni.

"Baba, nimepata gari," nilisema.

Alizima redio. "Iko?"

"Iko. Wamaza. Na niliona..."

Aliinua mkono. "Usinieleze uliona nini."

Nilidhani hakunielewa. Nikaanza tena, na tena mkono uliinuka. Alitazama mlango wa ndani, kule mama alikokuwa, akashusha sauti. "Nilikula ile chumvi kila siku," alisema. "Nilimeza ile kinini. Ulifikiri sikuuliza kwa sababu ya ujinga? Ukinieleza sasa, mama yako atalala wapi leo?"

Kwenye orodha yangu ya washukiwa alikuwamo kila mtu wa Kasongo na Kabambare. Baba hakuwamo. Naye ndiye aliyekuwa ameshika kila kitu mkononi, tangu porini. Aliapa kwa hasira, kisha akaelewa, na tangu alipoelewa alihakikisha hakuna mtu atakayemwambia. Kila baba mdogo alipomkaribia, alimfukuza na swali lile lile, kwa kuwa alijua ndilo swali lisiloweza kujibiwa. Ili abaki na mke, alimtoa ndugu. Sikujua nimshike mkono au nimtoke. Mpaka leo sijui vizuri.

"Na baba mdogo?" nilimuuliza.

Aliomba kofia yake na fimbo.

Mama alitoka chumbani na kitita cha nguo, akatukuta tunashuka barazani. Baba hakumruhusu aseme. "Weka hiyo chini," alimwambia. "Twende kumwona mgonjwa." Mama alikiweka kitita pale pale kizingitini, akatufuata nyuma, hatua chache.

Baba mdogo alikuwa amelala kwenye godoro chini, karibu na dirisha. Binti yake alituwekea mkeka akatoka. Baba alikaa. Aliushika mkono wa mdogo wake, na nikaona ni mara ya kwanza tangu siku ya gari nawaona wakigusana. "Nimekupa radhi," alisema. "Dunia na akhera. Sitauliza kitu."

Nilitegemea machozi. Baba mdogo alimtazama tu, muda mrefu, akamtazama mama aliyesimama mlangoni, akarudisha macho kwa kaka yake.

"Hautauliza?"

"Sitauliza."

"Kumbe ulijua," alisema baba mdogo.

Baba aliweka fimbo yake kando.

"Toka lini?"

"Toka porini."

Baba mdogo aliutoa mkono wake taratibu kutoka kwenye mkono wa baba, akauweka juu ya tumbo lake lililojaa. Watoto wake waliitwa watoto wa mwizi shuleni. Posa ya binti yake mkubwa ilivunjwa mara mbili. Nilikuwapo, mara moja mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia waposaji kwamba ni binti wa mwizi.

"Na miye naomba yako," baba alisema. "Radhi yako."

"Kaa kwanza," baba mdogo alimwambia, na akafumba macho.

Baba alikaa. Adhana ya adhuhuri ilitoka msikitini ikaisha, na hakuna aliyeinuka. Mama alikuja akakaa sakafuni karibu na miguu ya mgonjwa. Baba mdogo alikuwa amefumba macho, lakini hakuwa amelala. Kope zake zilikuwa zinacheza. Tukamngojea.